Neti ya mbu niliyoifunga kwenye bomba la draya, na gomesi ya Senge Taaka

Wakuu, nawasalimu kutoka mpakani, Busia ya upande wa Uganda.

Leo sina siasa wala habari za mpira. Nina habari za nguo. Yote nitakayoandika hapa yalinitokea mimi mwenyewe, na ningefurahi sana kama yangekuwa ya uongo.

Nianze na kosa lenyewe, ili wenye haraka wasome mstari mmoja waendelee na maisha yao. Nilichukua kipande cha neti ya mbu, nikakifunga kwa waya kwenye mdomo wa bomba linalotoa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nguo. Nikakaza vizuri. Nikajipongeza. Kisha nikaishi kana kwamba lile bomba halipo duniani.

Wanaozijua hizi mashine wameshashika kichwa. Subirini, bado.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuujaribu. Nikituma meseji naisoma tena baada ya kuituma, kana kwamba naweza kuikimbilia njiani nikairekebisha. Ila ugonjwa wangu mkubwa ni nguo.

Na mtu mwenye ugonjwa wa nguo hapaswi kuishi Busia.

Ukianika nje, matrela yaliyopanga foleni ya kuvuka yanakutimulia vumbi jekundu hadi shati jeupe linakuwa la rangi ambayo haina jina. Ukianika kwenye ua wa michongoma, mbuzi wa mtu anakula kola. Kola tu. Shati zima anakuachia ukaone cha kufanya nalo. Msimu wa mvua nguo zinakaa kwenye kamba hadi zinaanza kunuka kama mbwa aliyenyeshewa, na ukizifua tena zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa aliyepakwa sabuni.

Halafu kuna yule nzi. Wa huku mnamjua. Anataga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa, wewe unavaa, siku chache baadaye una jipu mgongoni na ndani ya jipu kuna mpangaji. Ndiyo maana huku tunapiga pasi kila kitu, mpaka soksi, mpaka zile nguo ambazo hazitajwi mbele ya wakwe. Nimepiga pasi taulo mimi. Pande zote mbili.

Basi nikaamua kujikomboa. Nikavuka upande wa Kenya, kwenye duka la vitu vilivyotumika Ulaya, nikanunua draya. Si ya saluni, hii ni ya nguo, kubwa kama jiko, yenye mlango wa kioo cha duara. Baba alipoiona ikishushwa aliizunguka, akauliza, "Hii inafanya nini?"

"Inakausha nguo, Baba."

"Jua la Mungu linakuja bure, wewe umenunua jua la umeme."

Nilijifunza kuifunga mwenyewe kwa kutazama video. Sikumwita fundi, kwa sababu fundi hafuti miguu mlangoni. Niliiweka kwenye chumba cha stoo, nikatoboa ukuta, nikapitisha bomba. Ukuta wa stoo uliokuwa na nafasi ulikuwa mmoja tu, na nyuma yake ni ua wa jirani yetu, Mama Apio.

Sikumwambia. Nilifikiri, hewa ni hewa, nani atalalamikia hewa?

Mama Apio anauza dagaa, huku tunawaita mukene. Anawaleta kutoka Majanji, anamalizia kuwakausha kwenye ua wake, halafu anawapeleka soko la mpakani. Na mashine yangu, wakuu, ilikuwa inatoa hewa pamoja na manyoya. Si manyoya ya mnyama. Ni yale mavumbi laini ya nguo, yale unayoyakuta mfukoni mwa suruali ya zamani. Chujio la mashine linakamata mengi, lakini mengine yanatoka na hewa. Yakitoka kwangu yalikuwa yanakwenda kulala juu ya samaki.

Asubuhi moja nikasikia sauti ikinifuata barabarani.

"We Wandera! Hii manyoya inatoka kwa nyumba yenu inakuja kulala kwa mukene yangu. Wateja wananiuliza kama nauza samaki ama nauza paka!"

Watu wa bodaboda wote wakageuka. Mmoja akauliza paka ni kiasi gani.

Mtu mwenye akili angesema, "Pole mama, hebu tuangalie pamoja." Sentensi moja. Mimi nilisema, "Nitarekebisha, nitarekebisha," huku nikitembea kinyumenyume. Kisha nikangoja aende sokoni, nikaingia uani kwake kama mwizi wa kuku, nikafunga ile neti.

Neti tunazogawiwa bure, mnajua, sisi tunazitumia kwa kila kazi isipokuwa mbu. Kuna neti za kukinga sukumawiki, neti za magoli ya watoto, neti za kuanikia samaki. Mimi nikaongeza matumizi mapya katika historia ya taifa.

Manyoya yakakoma. Mama Apio akanyamaza. Nikaona nimemaliza ugomvi kwa ustaarabu wa hali ya juu. Kwa aibu nikaanza kupita njia ya mbali kwenda dukani ili nisipite mbele ya lango lake. Nyuma ya ule ukuta sikukanyaga tena.

Sasa ndugu zangu, tuje kwenye jambo lenyewe.

Dada yangu Nabwire akapata mchumba, Mjopadhola wa Molo, kule Tororo. Siku ya utambulisho ikapangwa, ile ambayo Waganda wanaiita kwanjula na sisi tumeiiga pamoja na madoido yake yote. Kwa wasiojua: siku hiyo anayetazamwa kuliko bibi harusi ni shangazi yake. Sisi Wasamia tunamwita senge. Senge ndiye anayesimama mbele ya hema, anapokea wakwe, anawatania, anamtafuta bwana harusi kati ya wageni na kumtoa mbele za watu. Senge akichakaa, ukoo mzima umechakaa.

Senge wetu ni Senge Taaka, dada wa Baba, anaishi Buteba. Ana gomesi moja ya shughuli, lile gauni refu la heshima la Kiganda. Moja. Rangi ya siagi, mabega yamesimama kama mabawa, mshipi wa kung'aa. Alinunuliwa hiyo na marehemu mume wake na hajataka nyingine tangu hapo. Akafika kwetu siku kadhaa kabla ya shughuli, mvua inanyesha, barabara ya kwao ni tope tupu, na gomesi ndani ya mfuko imeshapata matope kwenye pindo.

Na mimi, bila kuulizwa na mtu yeyote, nikasema maneno haya: "Senge, leteni nguo zote. Hakuna kuanika. Mashine ipo."

Nabwire akanitazama. "Kaka, una uhakika?"

"Nabwire. Unanijua mimi."

Alinijua, kwa bahati mbaya. Ndiyo maana aliniamini.

Shangazi wengine wakaleta zao. Na si gomesi tu. Chini ya gomesi mwanamke anavaa kikoi kizito, anakizungusha kiunoni ili nyonga zionekane kama za mtu aliyekula vizuri. Kila mmoja alikuwa amenunua kikoi kipya, na kikoi kipya kikifuliwa mara ya kwanza kinamwaga manyoya kuliko kondoo. Nikavipokea vyote kwa tabasamu la mwenye kiwanda.

Hapo mashine ilikuwa tayari imeanza uzembe. Mzigo uliokuwa ukikauka haraka ulikuwa unatoka na ubichi, nauzungusha mara ya pili, mara ya tatu. Nilichunguza kama daktari. Chujio nalisafisha kwa mswaki kila mzigo. Nikalaumu umeme, kwa sababu huku umeme ni mtuhumiwa wa kudumu, nikanunua stabilaiza. Nikalaumu sabuni. Nikalaumu unyevu wa ziwa. Nikatazama video za Wazungu wakifungua mashine kama yangu, nami nikaifungua, nikaifunga, ikabaki skrubu moja ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi.

Nilikagua kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba. Bomba lilikuwa nje, kwa mtu niliyekuwa namkimbia, kwa hiyo halikuhesabika.

Vikoi vikazunguka asubuhi yote, vikatoka vya moto na vibichi, kama viazi vilivyotolewa kabla ya wakati. Shughuli ilikuwa keshokutwa. Kijasho kikaanza. Nikasema hebu niingize gomesi ya Senge peke yake, labda mashine imechoka na uzito.

Nguo za dukani zina lebo ya kukuambia moto kiasi gani. Gomesi ya fundi cherehani haina lebo. Ina fundi tu, na fundi hakuniuzia ushauri. Nikaweka moto wa katikati, nikaenda kunywa chai.

Nikasikia harufu. Ile harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka niko stoo nachomoa waya ukutani, na moshi mwembamba unatoka nyuma ya mashine. Nikafungua mlango wa kioo, mvuke ukanipiga usoni. Gomesi ilikuwa bado mbichi, ya moto, inanuka moshi, na kwenye mshipi kulikuwa na alama ya kahawia kama ukucha wa kidole gumba. Kibonge cha manyoya yaliyoungua kilikuwa kimeiangukia.

Nilipogeuka, Senge Taaka amesimama mlangoni.

"Wandera. Unakausha ama unapika?"

Nikaweka mkono kwenye bomba nyuma ya mashine, nikautoa haraka. Lilikuwa la moto kama mpini wa sufuria. Hewa yote ilikuwa imekwama humo, haina pa kutokea. Na hapo ndipo neti ikanirudia akilini, na waya wake, na jinsi nilivyokaza vizuri.

Nikakaa chini sakafuni.

Nabwire akaja, akaona gomesi mikononi mwa Senge, akaona alama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Kaka, niambie nilie sasa ama ningoje mbele ya wageni."

Nikawaeleza. Neti, Mama Apio, kuingia uani kwake kama mwizi, njia ya mbali ya dukani. Yote. Senge alisikiliza huku akinusa bega la gomesi, halafu akaniuliza swali moja, "Kwa hiyo huyo mama hajui?"

"Hajui."

"Basi simama uende umwambie. Mimi nafua hii upya kwa mkono."

Wakuu, kutoka mlangoni kwetu hadi lango la Mama Apio unaweza kurusha ndala ikafika. Ile safari niliiona ndefu kama kwenda Nairobi. Mvua ilikuwa manyunyu. Alikuwa amekaa barazani na mukene wake chini ya turubai.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba kupita nyuma. Bomba letu limeziba."

"Ile ulivalisha neti?"

Nikaanza kurudi kinyumenyume.

"Nilikuona," akasema. "Nilirudi kuchukua mizani, nikakuta matako ya mtu kwa ukuta yangu. Nikasema huyu mtoto ananiogopa mimi kama askari wa forodha. Wacha amalize."

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia kitu?"

"Niseme nini? Wewe uliniuliza?"

Tukaenda nyuma. Neti ilikuwa imevimba, imening'inia kama kiwele cha ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa, imejaa manyoya ya kijivu na ya buluu ya vikoi. Mama Apio akaleta kisu chake cha samaki, akakata waya. Kitu kikaanguka chini kwa kishindo. Nikaingiza mkono kwenye bomba nikavuta, na kila nikivuta kinakuja kingine, kirefu, kimeshikamana kama blanketi. Yeye anacheka.

"Hii naweza shona mto! Hii naweza shona godoro!"

Mimi pia nilianza kucheka. Halafu likatoka pande la mwisho, la karibu na mashine, na lile lilikuwa jeusi. Kingo zake zilikuwa zimeungua, zinapukutika.

Chumba kinachopakana na stoo ni cha Baba. Dari yake ni ya mbao. Baba hulala humo kila siku baada ya chakula cha mchana, na siku ile alikuwa amelala humo wakati mimi nakunywa chai.

Mama Apio aliona nilichokuwa nakitazama, akaacha kucheka. Akaliokota lile pande jeusi, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nikamshukuru kwa hilo.

Baadaye nikapata ujasiri ambao ungefaa uje mapema. "Mama, wewe ungependa hili bomba lielekee wapi?"

Akafikiri. Akanyoosha kidole juu. "Kwa Mungu. Yeye hauzi samaki."

Basi. Kesho yake mchana sebule yetu iligeuka kambi. Shangazi wanne, pasi za makaa mbili na ya umeme moja, gomesi zinakaushwa kwa pasi juu ya blanketi, mvua inapiga bati, na mada ya mazungumzo ni moja tu.

"Mwenye kiwanda, lete makaa!"

"Mwenye kiwanda, hii mashine yako inaiva saa ngapi?"

Nilileta makaa. Nilipepea. Sikustahili hata stuli.

Vikoi ndivyo vizito, pasi haiviwezi. Hivyo nilivirudisha kwenye draya, bomba likiwa wazi na safi, na nikaketi mbele ya kile kioo nisibanduke, hata chai nililetewa pale. Vilikauka kabla sijaimaliza. Baada ya majuma yote ya kuzungusha mara tatu tatu, vilikauka kama utani. Sikujua kama nifurahi au nijipige makofi.

Mashine ikafanya kazi, sawa, lakini bado kulikuwa na ile alama kwenye mshipi. Tulijaribu sabuni, limau, chumvi. Haikutoka. Senge akasema ataufunga kwa kuukunja, ikae ndani. Nilimwomba radhi mara nyingi mpaka akasema nikiomba tena atanipiga na pasi.

Siku ya shughuli wakwe walifika kutoka Molo, wamependeza, wana maneno. Senge Taaka akatoka. Na niwaambie ukweli, alikuwa ameng'aa. Mabega yamesimama, rangi ya siagi inawaka, nyonga za kikoi kikavu. Mimi nilikuwa nimejificha karibu na kreti za soda, macho kwenye mshipi, naomba usifunguke.

Msemaji wa wakwe akashika maikrofoni. "Senge, umetuwakia! Huko Busia mnakula nini?"

Senge akaichukua maikrofoni. Nilimwona akinitafuta kwa macho. Nikajua nimekwisha.

"Nawaka kwa sababu nilipikwa," akasema. "Tuna kijana hapa, yule pale, anajificha nyuma ya soda. Alitaka kuwapa senge mkavu. Karibu awape senge wa kuchoma!"

Na akasimulia. Yote. Neti, samaki, mto wa Mama Apio. Kisha, wakuu, akaufungua mshipi mbele ya hema nzima, akaonyesha ile alama kama mtu anayeonyesha kovu la vita.

Nabwire alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, uso umekaza tangu asubuhi kwa woga wa kukosea. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mkeka kwa mikono miwili, machozi yakamharibia poda, na wakwe wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Mzee mmoja wa Molo akaniita akaniuliza hiyo mashine inapatikana wapi, na kama inaweza kukausha mahindi.

Maisha yangu yote nimeogopa kitu kimoja: kosa langu kutangazwa kwa spika mbele ya watu ninaowaheshimu. Sasa lilikuwa limetangazwa. Hema haikuanguka. Walileta soda, shughuli ikaendelea, na dada yangu akapokewa.

Nilichojifunza, kwa wenye draya nyumbani: nguo zikianza kuchukua muda kuliko zamani, mashine ikiwa ya moto kwa nje, ukisikia harufu ya kuungua, zima. Usinunue stabilaiza. Nenda ukaangalie bomba kule linakotokea, na usifunge neti wala kitambaa chochote mdomoni mwake. Mimi ile neti niliifunga ili nisizungumze na mama mmoja, na nusura inigharimu mzee wangu.

Karibuni mtoe yenu. Mafundi mnikosoe, nitaumia lakini nitasoma. Wenye majirani pia mtuambie mnaishije nao.

Kwa sasa bomba letu linatokea juu ya paa. Nalisafisha kila Jumapili baada ya kanisa, na Mama Apio hunishikia ngazi. Gomesi haziingii tena kwenye mashine. Dukani napita mbele ya lango lake, na nikiwa na jambo namwambia.